Tepu ya Kiuno na Tone la Damu: Tathmini ya STEPS kwa Anayepima Hatari ya Kisukari

Anayetaka kujua ni watu wangapi nchini wanaishi na kisukari, na wangapi wengine wanakielekea, hawezi kutegemea mafaili ya hospitali, kwa sababu mafaili hayo yana habari za wale tu waliougua, wakajitambua, wakapata nauli na wakafika. Hana budi kupiga hodi majumbani. Chombo kinachotumika zaidi kwa kazi hiyo katika Afrika Mashariki ni STEPS, utaratibu wa utafiti wa kaya ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya kupima viashiria vya hatari vya magonjwa yasiyoambukiza. Nimekitumia chombo hiki kwa pande mbili: kwanza nikiwa msimamizi wa timu ya wadadisi vijijini na mijini, kisha nikiwa mchambuzi anayekaa mbele ya kompyuta na data zilizokwisha kukusanywa na nchi mbalimbali. Nitakipima kwa swali moja tu, yaani kinamsaidia kiasi gani mtu anayekadiria hatari ya kisukari katika jamii nzima.

STEPS ina hatua tatu, na jina lake limetokana na hatua hizo. Hatua ya kwanza ni dodoso: umri, elimu, tumbaku, pombe, matunda na mboga, shughuli za mwili, na historia ya shinikizo la damu na kisukari. Hatua ya pili ni vipimo vya mwili, yaani urefu, uzito, mzunguko wa kiuno na shinikizo la damu. Hatua ya tatu ni damu, ambamo hupimwa sukari na lehemu baada ya mhojiwa kulala bila kula. Kila hatua ina maswali ya msingi na ya nyongeza, na nchi inaweza kuongeza sehemu zake. Kama ningelazimishwa kugawa nyota, hatua ya pili ningeipa 5, ya kwanza 4, na ya tatu, ile ambayo wengi huifungua kwanza wakitafuta namba ya kisukari, ningeipa 3 kwa shingo upande.

Dodoso limepangwa vizuri, lakini sifa au aibu yake hutegemea tafsiri, na hapa Kiswahili kina mitego ambayo mtu aliyeandika swali la awali hangeweza kuiona. Mtego mkubwa ni neno mboga. Swali la D3 linauliza ni siku ngapi katika wiki ya kawaida mhojiwa hula mboga. Mdadisi akilisoma hivyo hivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, atajibiwa siku 7 bila kusita, kwa sababu mboga kwa wasemaji wengi ni chochote kinacholiwa na ugali au wali: dagaa ni mboga, maharage ni mboga, nyama ya ng'ombe ni mboga, na siku ambayo hakuna mboga ni siku ya ugali mkavu, ambayo hakuna mama atakayeitangaza mbele ya mgeni aliyevaa kitambulisho. Tafsiri inayosema mboga za majani huziba shimo hilo, ingawa hufungua jingine dogo, maana karoti na nyanya si majani. Timu niliyoisimamia ilikubaliana kutaja mifano mitano kwa sauti kabla ya kusubiri jibu, na siku 7 zikaanza kupungua tangu kaya za kwanza. Mwongozo wa STEPS unaitaka kila nchi iandae kadi zake za picha zenye vyakula vya kwake na vipimo vya mafungu ya gramu 80, kwa hiyo lawama haiko kwa chombo chenyewe. Hata hivyo, anayechambua data bila kuona kadi zilizotumika na maneno yaliyosomwa mlangoni hajui anachambua nini.

Shughuli za mwili nazo zina kasheshe yake. Sehemu hiyo ina maswali 16, na huanza na kazi. Mwanamke aliyelima tangu alfajiri, akachota maji na kutwanga, akiulizwa kuhusu kazi yake hujibu kwamba hana kazi, yupo tu nyumbani. Maelezo ya dodoso yanasema waziwazi kwamba kazi ni pamoja na ile isiyolipwa, lakini maelezo hayo husomwa mara moja mwanzoni, na mdadisi aliyechoka ifikapo kaya ya nane huyaruka. Matokeo yake ni mkulima anayeandikwa kuwa mtu asiyetumia nguvu, na kwa yule atakayekokotoa hatari ya kisukari baadaye, huyo ameongezewa alama asizostahili.

Sehemu ya historia ya kisukari ndiyo iliyonishangaza kwa uzuri wake. Haianzi kwa kuuliza kama mtu ana kisukari. Inaanza na H6: je, umewahi kupimwa sukari katika damu? Aliyesema ndiyo peke yake ndiye anayeulizwa kama daktari au mhudumu wa afya amewahi kumwambia kwamba sukari yake iko juu. Mpangilio huo unaonekana kama jambo dogo, lakini unatenganisha watu wawili ambao madodoso mengi huwachanganya: aliyepimwa akaonekana mzima, na ambaye hakuna aliyewahi kumchoma kidole. Katika utafiti wa Kenya wa mwaka 2015, takriban watu 88 kati ya kila 100 walisema hawajawahi kupimwa sukari kabisa. Hapana ya watu hao haina habari yoyote ndani yake, na STEPS, kwa swali moja la utangulizi, inakuwezesha kuliona hilo badala ya kulizika.

Hatua ya pili sina mengi ya kuilaumu. Mhojiwa hupumzika dakika 15 akiwa ameketi, kisha shinikizo hupimwa mara tatu kwa kuachana dakika tatu, na wastani hutolewa kutoka vipimo viwili vya mwisho, kwa sababu cha kwanza mara nyingi hupandishwa na wasiwasi. Kiuno hupimwa kwa tepu, jamaa ya ile iliyoning'inia shingoni mwa fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mhojiwa akiwa ametoa pumzi na mikono imelegea. Wajawazito hawapimwi kiuno. Ugumu uko kwenye staha. Ukanda wa Pwani, na kwingine pia, timu isiyo na mwanamke hurudi na safu ya M14, ile ya kiuno, iliyojaa nafasi tupu, au, jambo lililo baya zaidi, yenye vipimo vilivyochukuliwa juu ya kanga mbili. Timu ikiwa na dada mmoja na pazia la kujificha, tepu hufanya kazi yake vizuri. Haihitaji friji, haihitaji betri, haina tarehe ya kuharibika, na haijali kama mhojiwa amekunywa chai.

Chai ndiyo inayotufikisha kwenye hatua ya tatu. Kipimo cha sukari katika STEPS kinataka mtu awe hajala wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa saa 12, na kwa kawaida timu hurudi asubuhi ya siku ya pili kupima. Ukikaa katika nyumba ya watu utaelewa kwa nini sharti hilo ni zito. Mzee aliyeahidi jana jioni kwamba hatakula ameamka saa 11 kwenda shambani, ameshika jembe kwa saa mbili, na amepita kwa jirani akapokea kikombe cha chai ya maziwa, maana kukataa chai kuna maelezo marefu. Anakuja kupimwa kwa moyo mweupe kabisa. Chombo kina swali la B1 linalouliza kama amekula au kunywa chochote zaidi ya maji katika saa 12 zilizopita, na mchambuzi mwangalifu huwaondoa waliosema ndiyo. Nimewahi kuketi na mpima mmoja ambaye, kwa kuogopa kurudi na vijiti vya kupimia sukari visivyotumika, alikuwa akiandika hapana kwa kila mtu kabla hata ya kuuliza. Tuligundua kwa sababu hapana zilikuwa asilimia 100, jambo ambalo halitokei hata mwezi wa Ramadhani.

Kuna suala jingine ambalo mwongozo unalieleza lakini wachambuzi wengi hulipita. Mashine ndogo za kupimia kwa tone la kidole hazisomi kitu kimoja zote: nyingine hutoa jibu kwa kipimo cha plazima, yaani maji ya damu yasiyo na chembe zake, na nyingine kwa kipimo cha damu nzima. Mstari wa kisukari kwa mtu ambaye hajala ni milimoli 7.0 kwa lita kwenye plazima, lakini kwa damu nzima ya kidole ni 6.1. Sasa tazama hatari iliyopo: 6.1 hiyo hiyo, kwenye plazima, ndipo unapoanzia mstari wa sukari iliyopanda kidogo ambayo bado si kisukari. Kwa hiyo anayekosea aina ya mashine anaweza kulichukua kundi zima la walio njiani na kulihesabu kuwa wagonjwa, au kinyume chake, bila namba hata moja kwenye faili kuonekana ya ajabu.

Nayasema haya kwa sababu namba za eneo letu zinatofautiana kiasi cha kumfanya msomaji akune kichwa. Utafiti wa STEPS wa Tanzania wa mwaka 2012, uliohusisha watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulitoa asilimia 9.1 ya wenye sukari ya kiwango cha kisukari. Wa Zanzibar wa mwaka 2011 ulitoa 3.7. Uganda mwaka 2014, kwa watu wa miaka 18 hadi 69, ilipata 1.4, na Kenya mwaka 2015, kwa umri huo huo wa 18 hadi 69, uchambuzi uliosawazisha umri ulipata 2.4. Sehemu ya tofauti hii inatokana na umri: ukiwaingiza vijana wa miaka 18 hadi 24, wastani unashuka. Lakini umri peke yake hauwezi kubeba pengo la 1.4 na 9.1 kati ya nchi zinazopakana, zenye ugali na ndizi na wali wa namna inayokaribiana. Anayechukua namba hizi nne na kuzichora kwenye ramani kwa rangi nyepesi na nzito, kisha akasema nchi fulani imeshinda na nyingine imeshindwa, amechora pia tofauti za mashine, za asubuhi na za vikombe vya chai, na ramani yake haionyeshi kipi ni kipi. Linalopendeza katika utafiti wa Uganda ni tofauti ya ndani yake, mijini asilimia 2.7 na vijijini 1.0, kwa sababu waliopima pande zote mbili ni wale wale, kwa utaratibu mmoja. Ulinganisho wa ndani ya utafiti mmoja huniingia akilini kwa urahisi zaidi kuliko ulinganisho wa kuvuka mpaka.

Hadi hapa nimezungumzia hali ya leo. Hatari ni habari ya kesho, na ndipo STEPS inapofikia mwisho wa uwezo wake, kwa kuwa ni picha ya siku moja: aliyepimwa mwaka 2012 hafuatwi tena. Ili kukadiria kesho, wengi tunaazima kikokotoo kutoka kwingine, na kinachoazimwa zaidi ni FINDRISC cha Finland. Hicho kilijengwa juu ya utafiti wa afya wa wananchi wa mwaka 1987, ambamo watu 4,435 wa miaka 35 hadi 64 walifuatiliwa kwa miaka 10, na 182 kati yao wakaishia kwenye dawa za kisukari. Fomu yake inayotumika sasa ina maswali 8 na alama zisizozidi 26, na karibu kila swali lina safu yake tayari ndani ya faili la STEPS.

Nilijaribu kukikokotoa kwa data za namna hii, na jambo lililonisimamisha ni hili. Chukua mwanamke wa miaka 52, mwenye BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa mraba wa urefu wa mita) ya 31 na kiuno cha sentimita 96, asiyefanya mazoezi, asiyekula matunda wala mboga za majani kila siku, asiyetumia dawa za shinikizo la damu, na ambaye hajawahi kuambiwa kwamba sukari yake imepanda. Umri unampa alama 2, BMI 3, kiuno 4, kutofanya mazoezi 2, na chakula 1. Jumla ni 12, na kwa maelezo ya FINDRISC watu kama huyo hupata kisukari ndani ya miaka 10 kwa makadirio ya mmoja kati ya sita. Lakini kuna maswali mawili yenye alama 5 kila moja ambayo hapa yamekaa kwenye sifuri bila haki. La kwanza ni kama mzazi, ndugu wa damu au mtoto wake ana kisukari, na dodoso la msingi la STEPS haliulizi hilo kabisa. Kama mama yake mzazi alikuwa na kisukari, alama zinakuwa 17, na makadirio yanakuwa mmoja kati ya watatu. La pili ni kama aliwahi kuonekana na sukari ya juu, na kwa jamii ambayo karibu watu tisa kati ya kumi hawajawahi kupimwa, sifuri hiyo ni ya kutopimwa, si ya uzima. Kwa hiyo ukikokotoa FINDRISC kwa STEPS bila kugusa kitu, unapata jamii inayoonekana salama kuliko ilivyo, na kosa linakuwa kubwa zaidi pale ambapo zahanati ziko mbali, yaani pale pale ambapo msaada unahitajika. Mimi huwatenga waliojibu hapana kwenye H6, nikawaandikia jibu la swali hilo kuwa halijulikani, kisha nikatoa makadirio mawili, la chini na la juu. Hayapendezi kwenye jedwali la waziri, lakini ni ya kweli.

Mipaka ya kiuno nayo imeazimwa: 94 na 102 kwa wanaume, 80 na 88 kwa wanawake, ni mipaka ya Wazungu, na ile ya 94 na 80 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilishauri mwaka 2005 itumike pia Afrika kusini mwa Sahara hadi tutakapokuwa na yetu. Naitumia, kwa sababu kosa la mpaka huwagusa wote kwa namna moja, na bado inanionyesha wilaya ipi ina viuno vipana kuliko ipi.

Wakanada wamekwenda mbele zaidi, na kwa njia isiyohitaji damu kabisa. Kikokotoo chao, DPoRT, kilijengwa kwa kuunganisha majibu ya utafiti wa afya wa kaya na rejesta ya wagonjwa wa kisukari ya jimbo la Ontario, kisha kikajaribiwa katika jimbo la Manitoba. Kinatumia mambo ambayo mtu hujieleza mwenyewe: umri, uzito na urefu, asili, uhamiaji, shinikizo la damu, sigara, elimu na ugonjwa wa moyo. Ukichukua mtu mmoja aliyepata kisukari na mmoja ambaye hakupata, kikokotoo huwapanga sawasawa mara 77 hadi 80 kati ya 100. Ni matokeo mazuri kwa kitu kisichochoma kidole cha mtu, na siri yake ni rejesta iliyokuwepo tayari. STEPS inatupa nusu ya kwanza ya mashine hiyo, na nusu ya pili haimo ndani yake.

Upande wa upatikanaji, sina malalamiko makubwa. Madodoso, miongozo na programu ya kukusanyia data kwa vishikwambi ni bure. Data za nchi nyingi zimo katika hazina ya WHO ya data za magonjwa yasiyoambukiza, ambako mtu hujiandikisha, huandika anataka data kwa kazi gani, na husubiri kibali. Majina ya safu ni yale yale kutoka nchi hadi nchi, jambo linalookoa siku nyingi za kazi, ingawa matoleo ya zamani yana tofauti zake na kila nchi huongeza za kwake. Kila faili huja na uzani wa aina tatu, yaani namba za kurekebisha ili waliopimwa wawakilishe jamii nzima, mmoja kwa kila hatua, na hili nalisisitiza kwa sababu ni kosa ninaloliona mara kwa mara: waliofika asubuhi ya pili kutolewa damu si wale wote waliojibu dodoso jioni ya kwanza. Vijana wenye shughuli hupungua, wazee wenye wasiwasi na afya zao hubaki. Anayechambua sukari kwa uzani wa hatua ya kwanza amelibeba pengo hilo moja kwa moja hadi kwenye asilimia zake. Vilevile, kwa kuwa kaya huchaguliwa kwa makundi, na katika kila kaya huchaguliwa mtu mmoja tu, programu ya uchambuzi lazima iambiwe kuhusu tabaka na makundi hayo, la sivyo wigo wa makosa unaonekana mwembamba kuliko ulivyo, na tofauti ya bahati inasomwa kuwa tofauti ya kweli.

Kwa wizara, mkoa au kaunti inayopanga awamu mpya, ushauri wangu ni kukichukua chombo hiki kwa toleo la 3.2, kuongeza swali moja la historia ya familia katika sehemu ya nyongeza, kuandika mboga za majani na mifano yake ndani ya swali lenyewe, na kuandika aina ya mashine ya sukari kwenye ripoti, si kwenye daftari la ghala tu. Ikiwa fedha za vijiti vya sukari hazitoshi kwa sampuli nzima, hatua mbili za kwanza zifanyike kwa ukamilifu na ya tatu ifanyike kwa sehemu ya sampuli iliyochaguliwa kwa kura. Na katika bajeti ya kila timu uwemo mstari wa tepu mbili, ya pili ikiwa ya akiba, kwa sababu tepu za plastiki hurefuka kwa jua la buti ya gari, na sentimita mbili zikipotea hakuna uzani wa takwimu unaoweza kuzirudisha.